Namna ya Kuchunguza Chuki Dhidi ya Wanawake Mtandaoni Bila Kuikata Vipande

"Rudi kwenu ukazae." Maneno matatu, hayana tusi ndani yake, na kila aliyewahi kusoma komenti chini ya picha ya mgombea mwanamke ameyaona haya au ndugu zake. Mpe sentensi hiyo mtafiti wa ukabila, atadaka "rudi kwenu" na kuliacha neno la mwisho. Mpe mtafiti wa udhalilishaji wa wanawake, atadaka "ukazae" na kuyaacha ya mwanzo. Kila mmoja ataondoka na nusu, na nusu hiyo itampotosha, kwa sababu aliyeandika hakutukana mara mbili. Ametukana mara moja: mwanamke huyu ni mali ya watu wake, na kazi yake kwao ni kuzaa.

Makala haya ni ya mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwandishi wa habari anayejiandaa kwa uchaguzi, au mfanyakazi wa asasi aliyeambiwa alete "data za ukatili wa mtandaoni" na hajui aanzie wapi. Huhitaji mashine kubwa wala fedha nyingi. Unahitaji jedwali, mwenzako mmoja au wawili wanaosoma kwa makini, na kanuni moja: usizitenganishe chuki kabla hujazihesabu.

Anza na historia, simu itafuata

Kabla hujapakua komenti hata moja, soma kilichotokea kwa jirani. Desemba 1990, gazeti la Kangura nchini Rwanda lilichapisha kile kilichoitwa Amri Kumi za Wahutu. Mtu angetarajia amri ya kwanza ihusu jeshi au madaraka. Ilihusu wanawake: Mhutu atakayemwoa Mtutsi, atakayemfanya hawara au hata kumwajiri kuwa katibu wake, ahesabiwe msaliti. Ya pili na ya tatu nazo zilihusu wanawake. Uchumi, elimu na jeshi vilikuja baadaye.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ililitazama jambo hilo katika hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ya Desemba 2003. Ilisema kwamba kumchora mwanamke wa Kitutsi kama mtego wa kingono kulifanya mashambulizi ya kingono dhidi yake kuwa jambo lililotarajiwa. Wala walengwa hawakuwa Watutsi peke yao. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa Mhutu mwenye msimamo wa wastani. Magazeti ya siasa kali yalimchafua kwa vikaragosi vya kingono, naye akauawa tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza.

Funzo kwa mtafiti ni la kivitendo. Chuki ya kikabila ilihitaji kwanza kuamua nani amguse mwanamke yupi. Ukichunguza ukabila bila jinsia, amri tatu za kwanza zitakupita.

Chagua watu kabla ya kuchagua maneno

Kosa linalojirudia ni kuandaa orodha ya matusi, kuyatafuta mtandaoni, kisha kuhesabu. Ukitafuta "malaya" utapata "malaya". Hutapata "rudi kwenu ukazae", wala "tunajua alivyopanda cheo", wala emoji ya nyoka iliyowekwa peke yake. Orodha ya maneno hukurudishia ulichokijua tayari.

Chagua walengwa, halafu kusanya yote wanayoambiwa kwa muda uliouweka. Chukua mfano wa Kenya: uchaguzi wa 2022 ulileta magavana wanawake 7, kutoka 3 waliochaguliwa 2017. Gavana wa Kwale, wa Homa Bay na wa Nakuru wana cheo kimoja, lakini hawatoki jamii moja wala mazingira mamoja. Kila mmoja mpe mwanamume wa kumlinganisha naye: gavana wa kaunti ya karibu, mwenye muda sawa ofisini na wafuasi wasiotofautiana sana kwa idadi. Kusanya majibu wanayopewa kwenye machapisho yao ya hadhara, katika siku zilezile.

Hapo utakuwa na milinganisho miwili. Wa kwanza, wanawake na wanaume, utakuonyesha kinachotokana na jinsia. Wa pili, wanawake kwa wanawake, utakuonyesha kinachoongezeka mlengwa anapokuwa pia wa dini ya wachache, mjane, mlemavu au mtu wa jamii isiyo na wenyeji wengi mahali anapoongoza.

Mlinganisho huu wa pili ndio unaoachwa mara nyingi. Mwaka 2017 Amnesty International ilichambua tweets walizotumiwa wabunge wanawake wa Uingereza. Katika wiki sita kabla ya uchaguzi wa mwaka huo, karibu nusu ya matusi yote yalielekezwa kwa mtu mmoja: Diane Abbott, mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa kuwa mbunge nchini humo. Wastani wa "mbunge mwanamke" ungemficha. Na hata alipoondolewa kwenye hesabu, wabunge wanawake weusi na wenye asili ya Asia walitukanwa zaidi ya wenzao weupe. Basi nawe fanya hesabu mara tatu: wote kwa pamoja, mmoja mmoja, kisha bila yule aliyeshambuliwa kupita wote. Majibu matatu yakilingana, una matokeo. Yakipishana, umepata swali zuri zaidi.

Tengeneza jedwali la alama

Kila komenti iwe mstari mmoja. Safu za jedwali ziwe hizi.

Mlengwa: nani anaambiwa, na je, ni yeye au kundi zima kupitia yeye?

Silaha: anapigwa kwa kitu gani? Jinsia, mwili, ngono, ndoa, uzazi, umri, akili, kabila, asili, rangi, dini, ulemavu, tabaka. Hapa ruhusu alama zaidi ya moja. Safu hii ndiyo moyo wa utafiti wote, na jedwali linalomlazimisha msomaji kuchagua kisanduku kimoja limeshaharibu kazi kabla haijaanza.

Tendo: ni tusi, tishio, uongo, kufichua anapoishi, picha bandia, au wito wa kuwakusanya wengine wamshambulie?

Namna: ni wazi, kwa fumbo, au kwa kicheko?

Acha na safu ya maelezo huru. Yale yasiyoingia kwenye kisanduku chochote ndiyo yatakayokufundisha kurekebisha jedwali.

Usiifunge alama ya jinsia kwa wanawake tu. Aprili 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilipotoa orodha ya maneno ya uchochezi, "madoadoa" na "kwekwe" yalikuwemo, na "kihii" pia. Hilo la mwisho, neno la Kikikuyu kwa mvulana asiyetahiriwa, hutupiwa wanaume watu wazima wa jamii zisizotahiri. Ni tusi la kikabila linalofanya kazi kwa kumvua mtu uanaume. Atakayeliandika chini ya ukabila pekee hataona kwamba dharau ile ile, ya kwamba uongozi ni wa mwanamume "kamili", ndiyo inayomzuia mwanamke na inayomdhalilisha huyu bwana.

Jihadhari pia na jedwali lililokopwa moja kwa moja kutoka kwenye sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ya mwaka 2008, katika kifungu chake cha 13, inazungumzia chuki kwa misingi ya rangi, uraia na asili ya kikabila au kitaifa. Jinsia haimo. Katiba ya 2010 ni pana zaidi: ibara ya 33 inauondolea ulinzi uchochezi wa chuki unaojengwa juu ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika ibara ya 27, na jinsia ni mmojawapo. Ukifuata sheria ya 2008 neno kwa neno, "rudi kwenu" itaingia kwenye ripoti na "ukazae" itabaki nje.

Soma na wenzako, na msikilizane mnapopishana

Komenti 300 za kwanza zisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana. Kisha mlinganishe. Kipimo kinachotumika sana ni kappa ya Cohen, kinachopima kukubaliana kwenu baada ya kuondoa kule ambako kungetokea kwa bahati tu. Programu za takwimu za bure hukitoa mara moja. Kipimeni kwa kila silaha peke yake. Huenda mkaafikiana vizuri kwenye matusi ya ngono na kupishana vibaya kwenye dini, na wastani mmoja ungeficha hilo.

Mnapopishana, msikimbilie kupiga kura. Ulizaneni kwa nini. Mara nyingi mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hakijui: kwamba jina fulani la utani linatoka kijiji fulani, au kwamba "singo maza" iliyoandikwa kwa kicheko chini ya picha ya mgombea haikuwa utani. Kiswahili kina mazoea ya kumsema mtu bila kumtaja. Anayejua taarabu za mipasho na majina ya kanga anajua kwamba kombora kali linaweza kuwa methali ya adabu kabisa. Kwa sababu hiyo usiwachague wasomaji wanaofanana. Mtu wa Mombasa, wa Mwanza na wa Eldoret hawasikii mambo yaleyale kwenye sentensi moja, na timu ya wanaume watupu itapitwa na mengi.

Mashine itakusaidia kupanga, lakini usiiachie hukumu. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo yenye matamshi ya chuki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yale ya Kiingereza yalikwama kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu, yakarekebishwa kidogo, yakapita. Ya Kiswahili yalipita. Mashirika hayo yaliyaondoa yenyewe kabla hayajawafikia watu. Kama kampuni yenye mali yote ile ilishindwa kulitambua tusi la wazi, usitarajie programu ya bure itambue fumbo.

Tenganisha ukosoaji na chuki

Hapa ndipo watafiti wengi hupoteza heshima. Mwanamke mwenye madaraka anapaswa kukosolewa, na ukosoaji unaweza kuwa mkali, wa kejeli, hata usio wa haki, bila kuwa chuki ya jinsia.

Chukua mjadala wa mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai mwaka 2023. Anayesema mkataba hauna ukomo wa muda unaoeleweka, au kwamba Bunge lilipewa siku chache mno, anamkosoa Rais Samia Suluhu Hassan na serikali yake. Anayehoji mambo ya Muungano yanavyoamuliwa anagusa suala la kikatiba lililojadiliwa kwa miaka mingi, nalo pia liko upande wa ukosoaji. Anayeandika kwamba nchi imeyumba kwa kuwa imepewa mwanamke amevuka mstari. Na anayeunga pamoja uanamke wake, Uzanzibari wake na dini yake kuwa kasoro moja ya kuzaliwa nayo, huyo ndiye anayekuonyesha mwingiliano wa chuki unaoutafuta.

Kipimo cha haraka ni kubadilisha jina. Weka jina la mwanamume wa bara mwenye cheo kilekile. Hoja ikibaki imesimama, andika "ukosoaji" hata kama imekukera. Ikianguka, tazama ni nguzo ipi iliyoondoka nayo: jinsia, asili, dini, au zote.

Uwe mwangalifu hapa kwa sababu ya pili. Sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zimelaumiwa na watetezi wa haki kwa kugeuzwa fimbo ya kuwachapa wakosoaji. Ripoti inayoita kila kauli kali "ukatili wa mtandaoni" inamkabidhi mwenye fimbo sababu nyingine.

Pima mwingiliano kwa hesabu

Kuandika "chuki hizi huambatana" hakutoshi. Onyesha zinaambatana kiasi gani.

Tuseme una komenti 1,000. Kati yake 200 zina silaha ya jinsia, na 150 zina silaha ya kabila au asili. Kama mambo haya mawili yasingehusiana, yangekutana kwa bahati katika komenti zipatazo 30, yaani 200 mara 150, gawanya kwa 1,000. Ukikuta zimekutana katika 90, mwingiliano ni mara tatu ya bahati, na hilo ni jambo la kuripoti. Ukikuta 28, sema hivyo bila kuona aibu. Huenda katika data yako wanaotukana wanawake na wanaotukana makabila ni makundi tofauti, na hilo nalo linafaa kujulikana.

Kisha rudia hesabu kwa akaunti badala ya komenti. Watu wachache wenye muda mwingi wanaweza kuandika nusu ya matusi yote, na huo ni ugonjwa tofauti na ule wa watu wengi kuandika tusi moja moja. Hesabu ya akaunti hufichua pia mwingiliano usioonekana ndani ya sentensi: akaunti ileile inayomdhalilisha mwanamke Jumatatu na kuwatisha wageni Alhamisi. Kijana aliyeua watu 6 huko Isla Vista, California, mwaka 2014 alijulikana kwa chuki yake kwa wanawake. Maandishi aliyoyaacha yalijaa pia dharau kwa wanaume weusi na wenye asili ya Asia, waliopendwa na wanawake ambao yeye alijiona anawastahili. Aliyesoma upande mmoja wa maandishi yale hakumwelewa.

Tazama na mpangilio wa wakati. Ukibaini kwamba komenti za kijinsia huja kwanza na za kikabila kufuata siku chache baadaye, au kinyume chake, utakuwa umegundua jambo ambalo jumla ya mwisho wa mwezi haiwezi kulionyesha.

Tafuta kisichokuwemo kwenye data

Komenti ulizozikusanya ni zile zilizobaki. Zilizofutwa hazimo. Zilizokuja kwa ujumbe wa siri, kwa sauti za WhatsApp au katika laivu isiyorekodiwa hazimo. Zaidi ya yote, mwanamke aliyefunga akaunti yake akaondoka hana komenti hata moja, na kwenye jedwali lako anaonekana kama mtu asiyesumbuliwa na yeyote.

Dawa yake ni kuuliza. Asasi ya Pollicy yenye makao Uganda ilifanya hivyo katika utafiti uliotoka 2020: ilihoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na asilimia 28.2 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili mtandaoni. Nawe, ongezea jedwali lako mahojiano na wanawake kumi au kumi na tano. Usiwaulize tu walichoambiwa. Waulize wameacha kufanya nini: nani hapandishi tena picha za watoto, nani hagombei tena, nani anatumia jina lisilofichua kabila lake.

Linda waliotukanwa, ulinde na nafsi yako

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ni ya 2022. Zisome kabla ya kukusanya. Omba kibali cha utafiti kutoka tume za sayansi, yaani NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania, na kibali cha maadili cha chuo chako. Usijipenyeze kwa siri kwenye makundi ya WhatsApp.

Komenti ya mtu binafsi usiinukuu neno kwa neno, kwa sababu ukiiweka kwenye kisanduku cha kutafutia itakupeleka mlangoni kwake. Ieleze kwa maneno mengine. Picha bandia za utupu usizichapishe hata ukizifunika nusu. Eleza zilivyotengenezwa na zilivyosambazwa, inatosha. Kila unaporudia tusi, jiulize kama msomaji angeelewa bila hilo.

Na wewe mwenyewe una mwili na moyo. Mwishoni mwa 2024 iliripotiwa kwamba wasimamizi wa maudhui ya Facebook zaidi ya 140 waliofanya kazi Nairobi walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe kikali. Wao walisoma na kutazama uchafu kwa zamu nzima, siku baada ya siku. Jiwekee kiwango: saa mbili kwa siku, mchana, ukiwa na mwenzako, kamwe si kitandani kabla ya kulala. Zima picha zisijifungue zenyewe. Tumia akaunti ya kazi pekee, iliyotenganishwa na picha za familia, na washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kama wewe ni mwanamke, au unatoka jamii inayoshambuliwa kwenye data hiyo, kubaliana na msimamizi wako tangu mwanzo ni nani atakayejibu hadharani ripoti ikitoka.

Andika ripoti itakayotumika

Ripoti moja haiwafai wote. Tume ya uchaguzi na vyama vinataka namba na majira: lini mashambulizi hupanda, yanamlenga nani. Kampuni za mitandao zinataka mifano yenye maelezo ya maana yake kwa mtu asiyejua Kiswahili, pamoja na jedwali lako la alama. Wanawake uliowahoji wanastahili kuyasikia matokeo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa lugha ya kawaida, wakiwa na nafasi ya kusema "hapa umekosea". Kwa wote hao eleza wazi ulichukua nani, siku zipi, mtandao upi, na mlipishana wapi katika kusoma.

Ukiwa Kenya, kalenda ni sehemu ya mbinu. Uchaguzi mkuu umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027. Anayeanza kukusanya wiki ya kampeni ataona moto bila kujua jiko lilikuwa na joto gani kabla. Anza angalau miezi sita mapema, wakati watu wanabishania mpira na bei ya unga, utumie jedwali lilelile bila kulibadilisha hadi miezi mitatu baada ya matokeo. Hapo utaweza kusema kwa uhakika ni chuki gani iliyoletwa na kampeni, na ni ipi iliyokuwepo siku zote ikisubiri jina la mgombea.